Barafu Inapojaa Kwenye Chumba cha Kugandishia: Kusoma Dalili na Kupata Chanzo

Barafu inayojaa ndani ya chumba cha kugandishia haitoki kwenye gesi wala kwenye kompresa. Ni maji. Yaliingia yakiwa mvuke ndani ya hewa, au yakiwa majimaji ya samaki na nyama, yakagusa koili, yaani mabomba ya baridi yenye mapezi, yenye −25 °C yakaganda. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: unyevu umeingilia wapi, na kwa nini mfumo umeshindwa kuutoa? Fundi anayefunga geji za kupima presha ya gesi kabla ya kuyajibu hayo hupoteza muda, na mara nyingi huacha tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Pwani hesabu ya unyevu ni kali. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa yenye 30 °C na unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipozwa hadi −18 °C haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 1 hivi. Zile 23 zinabaki chumbani kwako. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.4 kina hewa ya mita za ujazo 21 na ushei. Mlango ukiachwa wazi mpaka hewa hiyo yote ibadilike, nusu lita ya maji imeshaingia. Rudia hivyo mara 20 kwa siku, ni lita 10. Hewa ya mchana ya Nairobi mara nyingi ina kama nusu ya unyevu huo, ndiyo maana ratiba ya kuyeyusha barafu iliyonakiliwa kutoka chumba cha bara hushindwa kazi Pwani, hasa wakati wa masika.

Tazama barafu ilipo kabla ya kuigusa

Ingia na tochi na simu. Piga picha koili mbele na nyuma, trei yake, feni, dari, fremu ya mlango na sakafu. Barafu ikishayeyushwa, ushahidi wote umekwenda na maji.

Jalidi nyeupe na laini iliyoenea koili nzima kwa usawa inaonyesha kwamba uyeyushaji, ambao mafundi huuita difrosti, haufanyiki au unakatishwa mapema. Barafu ngumu yenye kung'aa iliyoshika chini ya koili na ndani ya trei ni maji yaliyoyeyuka yakakosa njia ya kutoka. Chembe za theluji kwenye fremu ya mlango, dari iliyo karibu nao na katoni za mbele ni hewa ya nje. Barafu inayoning'inia darini juu ya mashine ya ndani (koili na feni zake), au iliyoshika wavu na mapanga ya feni, ni mvuke wa difrosti yenyewe. Jalidi ikiwa upande mmoja tu wa koili na upande wa pili umekauka, hapo ndipo unapoanza kufikiria gesi. Na barafu inayofuata mstari wa kiungo cha paneli, au iliyojaa ndani ya kifuniko cha taa, ina tundu nyuma yake.

Dalili mbili zikikutana, shughulikia kwanza difrosti na bomba la maji. Koili iliyoziba huharibu kila kipimo kingine utakachochukua.

Toa barafu yote, ndipo upime

Kilo moja ya barafu iliyofika 0 °C inahitaji kilojuli 334 ili iyeyuke. Hita zenye jumla ya kilowati 3, kama joto lake lote lingeishia kwenye barafu, zingeyeyusha kilo 10 kwa dakika 19 hivi. Lakini sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na mapezi ya koili, bati na hewa ya chumba. Koili iliyobeba kilo 30 ingehitaji karibu saa nzima hata bila kupoteza chochote, na huku taima imewekewa dakika 30. Ndiyo sababu mfumo ukishazidiwa haurudi wenyewe hata baada ya kubadilisha kifaa kilichokufa. Mteja huona barafu ileile kesho yake, akadhani fundi hakufanya kitu.

Hamisha bidhaa kwenye chumba kingine au kwenye masanduku yenye barafu. Zima kompresa. Hakikisha bomba la kutoa maji liko wazi, la sivyo utafurika sakafuni na kujitengenezea barafu mpya. Ukiwa na muda, fungua mlango na uache feni ziendeshe hewa ya nje kwenye koili. Ukiwa na haraka, kata umeme wote wa mashine ya ndani kwenye breka, funika mota za feni na kisanduku cha nyaya kwa nailoni, kisha mwagia koili maji ya kawaida ya bomba kwa mpira, kwa presha ndogo, kuanzia juu kushuka. Maji ya 27 °C yanafanya kazi nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kisu, bisibisi na nyundo viache nje. Mabomba ya koili ni membamba, na tundu moja dogo litakugharimu gesi yote pamoja na kazi ya kuchomelea. Moto wa gesi ya kuchomelea nao usiukaribishe: ukigusana na gesi ya friji inayovuja hutoa moshi wenye sumu, na kama mfumo unatumia R290 (propani), gesi yenyewe inalipuka. Mfumo ukiwa wa amonia, usitoboe wala kugonga chochote, ita anayeufahamu.

Kabla ya kufunga mlango na kuendelea na kazi ndani, jaribu kitasa cha dharura cha upande wa ndani. Barafu ya fremu hukigandisha, na mtu aliyefungiwa ndani ya −20 °C akiwa na fulana hana muda mrefu.

Koili nzima imefunikwa: difrosti imeshindwa

Anzisha difrosti kwa mkono. Kwenye taima ya saa unazungusha kitufe cha katikati mpaka kiashirio kifike kwenye pini. Kwenye kidhibiti cha elektroniki kama Dixell XR60CX unabonyeza kitufe cha difrosti kwa zaidi ya sekunde 2. Mambo matatu yafuate: kompresa inasimama, feni za ndani zinasimama, hita zinaanza kuvuta umeme.

Weka klampu mita (kifaa cha kupima ampea bila kukata waya) kwenye waya unaokwenda kwenye hita na ulinganishe na hesabu. Kwa umeme wa volti 230, hita ya wati 1,000 huvuta ampea 4.3, na ukiipima ikiwa imezimwa na kutenganishwa inaonyesha omu 53 hivi. Ya wati 1,500 huvuta ampea 6.5, omu 35. Hita tatu za wati 1,000 zikikuonyesha ampea 8.7 badala ya 13, moja imekufa. Ni hitilafu inayofichika vizuri, kwa sababu difrosti inaonekana kufanya kazi, ila kila mara inabaki tabaka ya barafu sehemu ya hita iliyokatika, na tabaka hiyo inakua siku hadi siku.

Ukikosa mkondo kabisa, fuata umeme kutoka mwanzo. Angalia kwanza breka ya hita. Mara nyingi utaikuta imeshushwa makusudi: hita ilianza kuvujisha umeme kwa sababu maji yameingia kwenye mwisho wake wenye raba, ikawa inaangusha breka ya uvujaji, na mtu wa zamu akaona afadhali aizime ili ubaridi uendelee. Kisha angalia kontakta, swichi ya umeme inayowasha hita, yaani koili yake ya sumaku inapata umeme na meno yake hayajaungua, halafu termostati ya usalama iliyofungwa pamoja na hita. Usiunge waya moja kwa moja kuipita termostati hiyo hata kwa majaribio ya usiku mmoja. Hita isiyozimika hupasha paneli za povu, na povu hilo huwaka.

Taima ya saa ina ugonjwa wake. Kwenye taima ya Paragon 8145, kituo cha 4 (vituo ni sehemu za kufungia nyaya) hulisha upande wa ubaridi, kituo cha 3 hulisha hita, na X hupokea ishara ya kumaliza. Kama saa inatembea lakini kituo cha 3 hakipati umeme pini inapopita, meno ya ndani yamekufa. Angalia pia toleo: 8145-00 ni ya volti 120, 8145-20 ni ya volti 208 hadi 240. Tena, saa yenye mota iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikifungwa kwenye umeme wetu wa hezi 50, hutembea dakika 50 kila baada ya saa moja. Siku ya saa 24 kwake inakuwa ya saa 28 na dakika 48, na difrosti uliyoipanga usiku inahama kila siku hadi inaangukia katikati ya upakiaji.

Umeme unapokatika, taima hizo husimama na kuendelea zilipoachia, kwa hiyo kila baada ya mgao lazima mtu aiweke saa upya. Vidhibiti vya elektroniki vina tabia mbaya zaidi: vingi huanza kuhesabu muda wa difrosti upya kila umeme unaporudi. Kama muda uliowekwa ni saa 8 na umeme hukatika kila saa 5 au 6, difrosti haifanyiki siku nzima, na hakuna kifaa kilichoharibika. Kwenye Dixell angalia dPo, inayoamua kama difrosti ya kwanza ianze mara umeme unaporudi. Kwa maeneo yenye kukatikakatika, iweke ianze mara moja, au tumia kidhibiti chenye saa halisi na betri yake. Angalia pia jenereta. Kuna mahali hita zimeachwa nje ya saketi ya jenereta kwa kuogopa mzigo. Kwa saa 2 hakuna tatizo. Kwa siku mbili koili inazibwa.

Umeme mdogo ni adui asiyesemwa sana. Nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti. Volti 190 badala ya 230 huacha asilimia 68 tu ya joto. Hita nzima, taima nzima, na bado barafu haimaliziki. Pima volti wakati difrosti inaendelea, siyo wakati kila kitu kimezimwa.

Kinabaki kihisi cha kumaliza difrosti. Hiki ndicho kinachosema koili imekuwa safi, na kinatakiwa kikae pale ambapo barafu huyeyuka mwisho. Kikifungwa karibu na hita, kinapata joto ndani ya dakika 5 na kukata difrosti huku nusu ya koili ikiwa nyeupe. Baada ya kutoa barafu kwa mkono, endesha difrosti kadhaa, tazama ni wapi jalidi hukawia kuondoka, kihamishie hapo. Kihisi cha NTC (ambacho omu zake hupanda kadiri baridi inavyozidi) cha kilo-omu 10 hupimwa kwa glasi ya maji safi yenye barafu nyingi iliyopondwa: kidhibiti kisome 0 °C, au mita ionyeshe karibu kilo-omu 27. Kikisoma nyuzi 6 au 7, kibadilishe. Kwenye mifumo ya zamani yenye termostati ya waya tatu, kwa kawaida nyekundu ni ya pamoja, kahawia humaliza difrosti koili inapofika karibu 13 °C, na nyeusi huruhusu feni koili inaporudi chini ya sifuri. Ikiwa ya baridi, nyekundu na nyeusi zipitishe. Ikiwa na joto la chumba, nyekundu na kahawia. Rangi hubadilika kati ya watengenezaji, hivyo soma mchoro ulio ndani ya mfuniko.

Mipangilio ya kuanzia kwa chumba cha −18 hadi −20 °C cha Pwani: kwa majina ya Dixell, IdF (muda kati ya difrosti) saa 6, MdF (muda wa juu wa difrosti) dakika 30 hadi 40, dtE (joto la kumaliza difrosti) kati ya 10 na 12 °C, Fdt (muda wa kuchuruzika) dakika 4, na Fnd (muda wa feni kusubiri baada ya difrosti) ndefu kuliko Fdt. FnC (mpangilio wa feni) iwe C-n au o-n ili feni zisizunguke wakati hita zinawaka. Kwa duka linalopokea samaki alfajiri, saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku ni ratiba nzuri: koili inakuwa safi kabla ya mzigo kuingia, na inasafishwa tena baada yake. Kishawishi cha kuongeza difrosti hadi 8 kwa siku ukiepuke. Kila moja huingiza joto na mvuke chumbani, na chanzo cha unyevu bado kipo palepale.

Barafu ngumu kwenye trei: maji hayatoki

Mwaga lita 2 za maji ya vuguvugu kwenye trei. Kama hayajatoka yote ndani ya dakika moja au mbili, bomba limeziba, limeganda au halina mteremko. Uchafu wa kawaida ni magamba ya samaki, vipande vya nailoni na mabaki ya povu la ujenzi. Angalia trei yenyewe pia. Skrubu za darini zikilegea upande mmoja, mashine huinama na maji hukusanyika pembe isiyo na tundu.

Ndani ya chumba bomba liwe fupi, la shaba ikiwezekana, litoke nje kwa njia iliyo karibu, na mteremko wake usipungue sentimita 2 kwa kila mita. Waya wa hita upite urefu wote wa bomba ulio ndani, uingie kidogo kwenye tundu la trei, na ufunikwe kwa sponji ya kuzuia baridi. Waya wa wati 50 kwa mita, urefu wa mita 3, ni wati 150: klampu ionyeshe ampea 0.65. Hita hii huwaka muda wote. Ikiwa imeunganishwa iwake wakati wa difrosti tu, maji ya mwisho huganda njiani mara hita inapozimika, na difrosti inayofuata hukuta kizibo.

Nje ya chumba, penye joto, weka kiwiko cha U chenye kubaki na maji. Mafundi wengi hukiruka kwa sababu hawaoni kazi yake. Bila maji hayo kuziba njia, feni huvuta hewa ya nje yenye unyevu kupitia bombani, nayo inaganda kwenye tundu la trei. Kiwiko kikiwekwa ndani ya chumba ni kibaya zaidi, kwani kitajaa barafu siku ya kwanza. Mashine mbili zikitumia bomba moja la nje, kila moja iwe na kiwiko chake kabla ya kukutana.

Barafu darini juu ya mashine na kwenye feni

Hapa difrosti inafanyika, ila inapitiliza, au feni zinaanza mapema. Koili ikishakuwa safi, kila dakika ya ziada ya hita inatengeneza mvuke unaopanda darini. Tazama: kama jalidi imekwisha dakika ya 15 na hita zinaendelea hadi ya 40, kihisi hakimalizi kazi, na kinachokata ni muda wa juu wa taima. Pima kihisi, kisha waya unaopeleka ishara kwenye X.

Feni zikianza kabla ya koili kupoa, zinarusha matone na hewa ya joto kwenye dari na bidhaa. Dakika mbili tatu za kuchuruzika, kisha dakika chache za koili kupoa bila feni, humaliza tatizo. Termostati ya feni iliyogandamana kwenye hali ya kupitisha huleta dalili hiyohiyo. Feni iliyobadilishwa nayo ina mtego wake: panga lililofungwa kinyume huzunguka vizuri machoni, lakini hewa inayopita ni hafifu. Shika utepe wa nailoni mbele ya kila feni uone unavutwa au unasukumwa na kwa nguvu gani, na zote zifanane.

Theluji karibu na mlango

Kata kipande cha karatasi, kibane kati ya raba na fremu, funga mlango, vuta. Rudia kila sentimita 20 kuzunguka mlango wote, na upande wa chini usiuruke, kwani ndio unaochakaa mapema kwa kugongwa na mikokoteni. Karatasi ikitoka bila ukinzani, hewa inapita. Raba iliyojikunja hulainishwa kwa maji ya moto na kunyooshwa, iliyopasuka inabadilishwa. Iliyoganda kwenye fremu usiivute kwa nguvu, mwagia maji ya vuguvugu kwanza.

Raba nzuri ikiendelea kuganda, shika fremu kwa kiganja. Iwe vuguvugu kidogo. Ikiwa baridi, waya wa hita wa fremu umekatika au umepoteza umeme. Kisha tafuta vali ndogo ya kusawazisha hewa ukutani. Hewa ya joto iliyoingia mlango ulipofunguliwa husinyaa inapopoa, na chumba kinahitaji kuvuta hewa kidogo kutoka nje. Vali ikiziba kwa barafu kwa sababu hita yake imekufa, chumba huvuta kupitia raba ya mlango. Utajua kwa kuwa mlango hugoma kufunguka mara tu baada ya kufungwa, kisha baada ya dakika moja unafunguka kirahisi.

Pazia la plastiki ni kinga ya bei ndogo, sharti liwe la daraja la baridi kali. Plastiki ya kawaida hukakamaa na kuvunjika, na baada ya mwezi wapakiaji wanaifunga pembeni kwa kamba. Vipande vipandiane, na vifike sakafuni. Swichi ya mlango inayosimamisha feni mlango unapofunguliwa husaidia sana, kwa kuwa feni inayozunguka husukuma hewa baridi nje na kuiita ya nje ndani. Kama mashine ya ndani imefungwa juu ya mlango, itavuta unyevu moja kwa moja kila unapofunguliwa, na hapo marekebisho yote mengine ni nusu dawa.

Jalidi upande mmoja: gesi na valvu

Koili safi, feni zote nzima, chumba kimekaribia baridi yake, na bado jalidi ipo kwenye mabomba ya kwanza baada ya valvu ya ekspansheni (inayoingiza gesi kwenye koili) tu: sasa funga geji. Kwa gesi ya R404A na koili ya karibu −27 °C, upande wa chini unasoma psi 17 hadi 20. Chini sana ya hapo, pamoja na superhiti (nyuzi ambazo gesi imepata joto kupita kiwango chake cha kuchemka) kubwa, gesi imepungua au njia imeziba kwenye kichujio au valvu. Superhiti ya kawaida mwisho wa koili ni nyuzi 4 hadi 6. Kabla ya kuigusa valvu, angalia balbu yake ya kuhisi joto: imebanwa imara kwenye bomba safi, na imefunikwa?

Kosa linaloua kompresa nyingi hutokea hapa. Koili iliyofunikwa na barafu nayo hushusha presha ya chini, kwa sababu gesi haipati joto la kuichemsha. Fundi anaiona psi 8, anaongeza gesi mpaka geji ipendeze. Barafu inapoyeyuka mfumo una gesi kupita kiasi, na gesi ya majimaji huweza kurudi hadi kwenye kompresa na kuvunja valvu zake. Usiongeze gesi kwenye koili yenye barafu. Na gesi ikiwa imepungua kweli, imetokea mahali; tafuta tundu kwa sabuni au kifaa cha kunusa kabla ya kujaza.

Viungo, taa na matundu ya nyaya

Barafu kwenye kiungo cha paneli huanza kama mstari mwembamba, kisha hupanua kiungo na kuingiza hewa zaidi. Kaza kufuli za paneli, kausha kiungo, kisha ziba kwa silikoni upande wa nje, ule wa joto. Ukiziba ndani tu, unyevu unaendelea kuingia ndani ya povu na kugandia humo. Paneli hiyo inakuwa nzito na haizuii baridi tena.

Bomba la nyaya za taa husahaulika karibu kila mara. Hewa ya darini inasafiri ndani ya bomba hilo hadi kwenye taa, inaganda ndani ya kioo, na siku ya difrosti maji yanaingia kwenye soketi. Ziba ndani ya bomba lenyewe kuzunguka nyaya, siyo pembeni mwa bomba pekee. Matundu ya mabomba ya gesi yajazwe povu, kisha yafunikwe silikoni kwa nje.

Sakafu na mzigo

Barafu sakafuni chini ya mashine ni trei au bomba. Karibu na mlango ni hewa. Sakafu inayoinuka au kupasuka katikati ni jambo zito zaidi: baridi imepenya chini na udongo wenye maji umeganda, na hapo ni kazi ya kujenga upya sakafu yenye kinga ya baridi. Wala usioshe sakafu kwa maji chumba kikiwa kinafanya kazi.

Chumba cha kuhifadhi hakikuundwa kugandisha. Samaki wabichi waliotoka kwenye maji ya barafu, wakiingizwa bila kuchujwa wala kufunikwa, wanatoa mvuke kwa saa nyingi. Wachuje, wafunge kwenye nailoni, na kama ni mzigo mkubwa wagandishwe kwenye mashine ya kugandishia haraka kwanza. Acha sentimita 10 kutoka ukutani na usipange katoni mbele ya feni. Hewa isipozunguka, koili hupoa kupita kiasi na kuziba upande ule usiopitiwa na hewa.

Pima kwa ndoo

Baada ya matengenezo, kinga maji ya bomba la nje kwa ndoo yenye alama za lita, difrosti nne mfululizo, na uandike kila moja pamoja na saa yake. Ndoo tupu huku koili ikiwa nyeupe: hita au bomba. Maji kidogo usiku na mengi baada ya upakiaji wa asubuhi: mlango na mzigo. Maji mengi sawasawa saa zote, hata usiku mlango ukiwa umefungwa: hewa inaingia pasipo mlango, rudi kwenye paneli, kiwiko cha U na mabomba ya nyaya. Rudia kipimo wiki moja baadaye. Kiasi kikiwa kimeshuka na koili iko safi saa moja kabla ya difrosti, unaweza kurefusha IdF kutoka saa 6 hadi 8 na kuokoa umeme wa hita. Kisiposhuka, iache kwenye 6 na uendelee kutafuta tundu.